Ripoti ya chuo imejaa sifuri: je, mdogo wangu atakuwa salama?

Swali: Mdogo wangu wa kike, miaka 20, amepata nafasi katika chuo cha jamii (community college) nchini Marekani kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Chuo hakina mabweni, kwa hiyo atapanga chumba nje, na masomo yake mawili yanaisha saa tatu na nusu usiku. Nimeipata ripoti ya usalama ya chuo mtandaoni na karibu kila safu ni sifuri. Baba anasema sifuri ni sifuri, aondoke. Mimi bado nasita. Ripoti hii niisomeje, na tumwambie nini kabla hajapanda ndege?

Jibu: Kaka, inawezekana kabisa kila sifuri uliyoiona ni ya kweli. Shida ni kwamba ripoti ile inajibu swali ambalo wewe hukuliuliza. Unataka kujua kama binti atatoka darasani usiku na kufika chumbani kwake mzima. Ripoti imeandikwa kuionyesha serikali kwamba makosa ya aina fulani, yaliyotokea ndani ya mipaka fulani, yamehesabiwa. Ukishajua mipaka hiyo inaishia wapi, utajua pia pa kuuliza yale ambayo ripoti haiyagusi.

Asili yake ni msiba. Tarehe 5 Aprili 1986, Jeanne Clery, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Lehigh University, Pennsylvania, alibakwa na kuuawa chumbani mwake bwenini. Aliyemuua alikuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho, na alipita kwenye milango iliyotakiwa kujifunga yenyewe lakini wanafunzi walikuwa wameizuia isifunge. Wazazi wa Jeanne walipambana mpaka Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 1990, na tangu 1998 sheria hiyo ikabeba jina la binti yao. Chuo chochote ambacho wanafunzi wake wanapata msaada wa fedha wa serikali kuu, kikiwemo chuo cha jamii, lazima kitoe ripoti ya usalama kufikia tarehe 1 Oktoba kila mwaka, yenye takwimu za miaka 3. Na sheria ina meno: Machi 2024 Liberty University ya Virginia ilitozwa dola milioni 14 kwa kuikiuka. Kwa hiyo simwambii baba aipuuze ripoti. Namwambia asiishie hapo.

Tazama kilichoachwa nje. Wizi wa kawaida hauhesabiwi. Mtu akipita maktaba akaondoka na laptopu ya mdogo wako, au akavunja kioo cha gari maegeshoni na kuchukua begi, tukio hilo haliingii kwenye safu yoyote, isipokuwa likithibitika kwamba lilichochewa na chuki ya rangi, dini au mfano wa hayo. Yanayohesabiwa hasa ni makosa mazito: mauaji, ubakaji, unyang'anyi, shambulio la kujeruhi, kuvunja jengo kwa nia ya kuiba, wizi wa gari lenyewe, uchomaji moto, na baada ya sheria ya mwaka 2013 yakaongezwa ukatili wa wapenzi, wa majumbani, na kumfuatafuata mtu. Yaani uhalifu ambao una nafasi kubwa zaidi ya kumgusa mdogo wako ndio usioonekana kabisa.

Kisha kuna mpaka wa ardhi. Chuo huhesabu yaliyotokea ndani ya eneo lake, kwenye majengo mengine kinayotumia, na kwenye barabara ya umma inayopakana nacho: njia ya miguu, barabara yenyewe, na njia ya miguu ya ng'ambo. Hapo ndio mwisho. Kituo cha basi kilicho mitaa miwili mbele hakimo. Chumba atakachopanga hakimo. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya kesi za ubakaji zinazoripotiwa ndani ya maeneo ya vyuo hutokea mabwenini, chuo kisicho na bweni kitaonyesha namba ndogo kwa sababu tu watu wanalala kwingine. Usije ukakilinganisha na chuo kikuu chenye mabweni ukadhani umepata kilicho salama zaidi. Tena namba kubwa kidogo kwenye safu za ukatili wa kijinsia wakati mwingine ni dalili nzuri: watu wanaamini wakiripoti watasikilizwa. Sifuri ya miaka 3 mfululizo katika chuo chenye maelfu ya wanafunzi inanifanya niulize kama kuna mtu anayejua pa kwenda kuripoti.

Sasa, pa kutazama. Sheria hiyohiyo inakitaka chuo chenye polisi au kitengo cha ulinzi kiwe na daftari la matukio la kila siku. Humo huingia kila uhalifu ulioripotiwa kwao, hata wizi wa chaja: ni kosa gani, tarehe, saa, eneo kwa jumla, na kesi imefikia wapi. Tukio linatakiwa kuandikwa ndani ya siku 2 za kazi, na kurasa za siku 60 za karibuni ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma, bila kueleza sababu. Vyuo vingi huliweka mtandaoni. Kama halipo, andika baruapepe uliombe. Lisome kwa jicho la saa na mahali. Ukiona maegesho yaleyale yanajirudia kati ya saa mbili na saa nne usiku, umepata kitu ambacho ripoti ya mwaka isingekupa kamwe.

Nakuambia maegesho kwa sababu chuo cha jamii hakina wakazi. Watu wanakuja na kuondoka, wengine moja kwa moja kutoka kazini, na ikifika usiku eneo zima linakuwa na magari mengi na macho machache. Mwaka 1979 wanazuoni Lawrence Cohen na Marcus Felson waliandika kwamba uhalifu unahitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja na kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia, kitu kinachofaa kuchukuliwa, na kukosekana kwa mtu wa kukilinda. Nadharia ni nyepesi ila kazini hainiangushi. Nia ya mtu huiwezi. Hayo mawili mengine unaweza kuyavuruga.

Akifika, azunguke eneo mara mbili, mchana na tena usiku baada ya kipindi. Atazame taa, lakini asitazame mwanga peke yake. Taa kali moja iliyozungukwa na giza humpofusha anayetembea na kumficha aliyesimama pembeni. Mwanga uliosambaa sawasawa, hata ukiwa hafifu, ni bora. Atazame vichaka: wataalamu wa mazingira salama hutaka vikatwe visizidi kama mita 1, na matawi ya miti yaanzie juu ya mita 2 hivi, ili katikati pabaki uwazi wa kuona mtu. Kisha aulize kama walinzi humsindikiza mwanafunzi hadi kwenye gari au kituo cha basi. Vyuo vingi vina huduma hiyo bure, na wanafunzi wengi wanaona aibu kuiomba. Mwambie mapema kwamba hiyo ni kazi yao na wanalipwa kuifanya. Kuna kitu rahisi zaidi ya hicho: wanafunzi wanne wanaoelekea kituo kimoja wakubaliane tangu wiki ya kwanza kusubiriana mlangoni. Hili nalipa uzito kuliko chupa ya dawa ya pilipili ambayo ndugu wengi hukimbilia kununua. Sheria zake hutofautiana kati ya jimbo na jimbo na chuo na chuo, haruhusiwi kuibeba kwenye begi la mkononi ndani ya ndege, na mkoba ukiwa umefungwa zipu haimsaidii mtu.

Maktaba nayo ina kanuni yake. Mtu anakwenda msalani dakika tatu, laptopu imebaki mezani na chaja ukutani. Abebe laptopu. Ikishindikana kabisa, amgeukie jirani, amtazame, aseme, "Naomba uniangalizie vitu vyangu." Mwaka 1975 mwanasaikolojia Thomas Moriarty aliwaweka waigizaji ufukweni New York: mmoja anaacha redio yake na kuondoka, mwingine anakuja "kuiba". Majirani walioombwa waangalie waliingilia kati kwa asilimia 95. Ambao hawakuombwa, asilimia 20. Watu walikuwa walewale wa kawaida, tofauti ni ombi tu. Na namba ya utambulisho ya laptopu aiandike leo, aitume kwako. Polisi wakiikamata bila namba hiyo, hana la kuwaonyesha.

Kama atanunua gari, na kwenye miji mingi ya kule atajikuta analitafuta, basi atanunua la bei nafuu. Hapo ajue hili: magari mengi ya Kia na Hyundai yaliyouzwa Marekani kati ya 2011 na 2021, yale ya kuwasha kwa kuzungusha ufunguo, hayakuwekwa kifaa cha elektroniki kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo halisi. Kuanzia 2021 vijana walionyeshana mitandaoni namna ya kuyaiba, na wizi wake ukalipuka. Mwaka 2023 watengenezaji walianza kutoa maboresho ya programu bila malipo. Kabla hajalipa, aulize kama gari limefanyiwa, na anunue kufuli la usukani kwa vyovyote. Kuhusu vitu vya ndani: avihamishie kwenye buti kabla ya kufika chuoni. Anayefungua buti maegeshoni na kusukumia begi ndani amemwonyesha kila anayetazama lilipo. Na akisimamishwa na polisi barabarani, asishuke. Abaki kitini, mikono juu ya usukani, asubiri kuambiwa. Kwa sisi tuliozoea kushuka tukaongee na askari, hili linahitaji kusemwa mara mbili.

Nije kwenye ambalo ningekaa naye nusu saa nzima: utapeli. Hakuna taa wala mlinzi anayelizuia, na linawalenga wageni hasa.

Aina ya kwanza huja kama kazi. Baruapepe inaingia kwenye anwani ya chuo, mara nyingine kutoka kwenye akaunti ya mwanafunzi au mwalimu iliyodukuliwa, ikisema profesa anatafuta msaidizi, saa chache kwa wiki, malipo mazuri. Anajibu. Anatumiwa hundi, tuseme ya dola 2,000, aiweke benki, abaki na 400 kama mshahara, na zinazobaki azitume kwa "muuzaji wa vifaa" au anunue kadi za zawadi na kupiga picha namba zake. Benki inamwonyesha pesa zimeingia baada ya siku moja au mbili kwa kuwa inatakiwa kisheria kuachia fedha mapema, lakini kugundua kwamba hundi ni bandia kunaweza kuchukua wiki. Ikigundulika, benki inachukua zake zote kutoka kwake. Dola 1,600 alizotuma zilikuwa zake mwenyewe.

Kwa mwenye viza ya F-1 kuna mtego ndani ya mtego. Anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kazi ya nje inahitaji kibali maalumu. Akishatapeliwa kwa kazi ya nje, anaogopa kuripoti kwa kudhani atakuwa amejichongea uhamiaji. Ananyamaza, na tapeli anaenda kwa mwingine. Kwa hiyo kanuni yake iwe nyepesi: ofa yoyote ya kazi aipeleke kwanza kwa ofisa wa wanafunzi wa kimataifa chuoni, yule anayesaini karatasi zake za I-20 (cheti cha chuo kinachotumika kwa viza), kabla ya kujibu hata neno moja.

Aina ya pili ni simu. Namba inaonekana ya ofisi ya serikali au ya ubalozi, kwa sababu namba inayotokea kwenye skrini inaweza kughushiwa. Sauti inajua jina lake na jina la chuo. Inamwambia nyaraka zake zina kasoro, atakamatwa leo, alipe sasa hivi, asikate simu na asimwambie mtu. Ofisi ya serikali ya Marekani haidai malipo kwa kadi za zawadi. Akate. Kisha ampigie yuleyule ofisa wa chuo kwa namba aliyokuwa nayo tangu awali, asitumie aliyopewa na mpigaji. Mkubaliane nyumbani pia kwamba akipiga mtu akidai binti ametekwa au amewekwa ndani, hakuna anayetuma hata senti kabla ya kuzungumza naye mwenyewe. Chagueni neno moja la siri la familia. Baba atacheka, mchagueni tu.

Kuna hatari nyingine ambayo familia zetu hazipendi kuitaja. Anayemdhuru binti wa umri huo mara nyingi ni mtu anayemfahamu: mpenzi, mwenye nyumba, mwanafunzi wa kikundi kimoja. Mwambieni wazi kwamba likimpata anaweza kuwaambia bila kuanza na kuomba radhi. Akiripoti chuoni kubakwa, kupigwa na mpenzi au kufuatwafuatwa, chuo kinatakiwa kumpa maelezo ya maandishi ya haki zake, yakiwemo ya huduma za ushauri, afya, sheria na hata msaada wa masuala ya viza, na hilo halitegemei tukio limetokea ndani ya chuo au nje. Kuwaita polisi au kutowaita ni uamuzi wake. Anaweza kuomba abadilishiwe darasa au ratiba. Akitaka kuzungumza kwa siri aende kwa mshauri nasaha, kwa sababu wafanyakazi wengine wengi wana wajibu wa kulifikisha jambo mbele. Na jambo moja linalowaponza wengi: asiache somo hata moja kabla ya kuonana na ofisa wa kimataifa. Akishuka chini ya idadi ya masomo inayotakiwa bila kibali cha awali, hali yake ya viza inaharibika. Akiomba kwanza, njia zipo, ikiwemo ile ya sababu za kiafya.

Najua pia unachokifikiria usiku. Bunduki. Tarehe 1 Oktoba 2015 mwanafunzi aliwaua watu 9 katika Umpqua Community College, Roseburg, Oregon, chuo cha jamii kama hicho. Matukio ya namna hiyo ni machache ukilinganisha na wingi wa vyuo, na hayapaswi kuamua safari. Ila kuna maswali ya vitendo. Sheria za silaha ni za majimbo: Texas, kwa mfano, tangu tarehe 1 Agosti 2017 mwenye leseni anaweza kubeba bastola iliyofichwa ndani ya chuo cha jamii, kukiwa na maeneo yaliyozuiwa. Jueni jimbo lake linasemaje. Mlango wa darasa unafungwa kutoka ndani? Na mwalimu wa usiku amefundishwa la kufanya? Nauliza la mwalimu kwa makusudi, kwa sababu vyuo vya jamii vinategemea sana walimu wa muda, na mtu anayefika saa kumi na mbili jioni na kuondoka saa nne anaweza kukosa mafunzo yote yanayofanyika mchana. Mafundisho yenyewe ni mafupi: kimbia kama kuna njia, huna njia, jifiche, funga mlango, zima sauti ya simu, pambana ukiwa umefikiwa tu.

Baada ya mauaji ya watu 32 Virginia Tech mwaka 2007, vyuo vilitakiwa kutoa taarifa ya dharura mara hatari inapothibitika. Lakini ujumbe huo unakwenda kwenye namba iliyosajiliwa, na wengi husajili ya nyumbani wakati wa kuomba nafasi. Mdogo wako akibadilisha laini, abadilishe na namba kwenye mfumo wa chuo siku hiyohiyo. La sivyo tahadhari ya kule itakuja kukuamsha wewe.

Simu ya dharura ni 911. Akiwa eneo la chuo ajue jina la jengo na pia anwani ya mtaa, kwa sababu simu ya mkononi inaweza kupokelewa na kituo ambacho hakijui "Jengo C" ni lipi. Kiingereza kikimpotea kwa hofu, aseme tu "Swahili". Vituo vingi vina wakalimani kwa njia ya simu.

Kabla hamjakata tiketi, fanya jambo moja. Piga namba ya ulinzi ya chuo ikiwa saa tatu usiku kwao, ambayo huku Afrika Mashariki ni kati ya alfajiri na asubuhi kutegemea jimbo. Uliza walioko zamu usiku ni polisi wenye mamlaka ya kukamata au ni walinzi wa kampuni, wako wangapi, wanaondoka saa ngapi, na baada ya hapo nani anafika. Ikipokelewa na mtu anayejibu bila kubabaika, mwambie baba aendelee na maandalizi. Ikiita mpaka ikakatika, rudia kesho yake saa ileile; ikiita tena bila kupokelewa, mdogo wako aombe masomo yale mawili ayachukue mchana, na aombe sasa, kabla nafasi hazijajaa.